Glasi Nane Mezani kwa Zawanet

Kwa miaka kumi na miwili Eulalie Bulonza amekuwa akiwaandikia watu wengine barua za kuomba kazi. Kijumba chake kiko Nyawera, mjini Bukavu, kati ya muuza viatu vya mitumba na kituo cha pikipiki za abiria. Ndani mna kompyuta mbili, mashine ya fotokopi, na kiti kimoja cha mteja ambacho mguu wake umefungwa kwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Mtu anaingia kutoka kwenye tope, anakaa, anashusha pumzi, anasema: "Maman Eula, unitengenezee ile barua yako."

Ile barua yake inajulikana mjini. Inaanza kwa kusema kwamba mwombaji ana heshima kubwa ya kuja mbele ya mamlaka ya juu ya mkurugenzi, na inamalizika kwa kumhakikishia mkurugenzi kwamba mwombaji ni mtu wa kazi, mnyenyekevu, asiyeogopa kuchoka. Eulalie aliitunga kwa Kifaransa safi mwaka ule alipomaliza masomo yake ya informatique, elimu ya kompyuta, wa tatu katika darasa la watu hamsini na mmoja. Aliitunga kwa ajili yake mwenyewe. Yeye haikumfikisha popote. Wengine imewafikisha: yumo mtu benki, yumo mtu katika shirika la misaada, yumo mmoja anayeendesha gari la daktari. Wakipita Nyawera wanapiga honi, na yeye anawapungia mkono akiwa ameshika karatasi ya mwingine.

Kuitwa kwenye mahojiano, ameitwa mara tisa. Watu wa Bukavu wanaijua siku hiyo kama wanavyojua siku ya mazishi: shati la kuazima, viatu vilivyobebwa kwenye mfuko mpaka karibu na lango, mlinzi anayejiona mkubwa kuliko bosi. Mara ya nne walimuuliza, mbele ya wanaume watano, kama ana mpango wa kushika mimba. Mara ya sita waliwapa mtihani wa muda wa saa tatu kwenye karatasi. Alipomaliza aliomba kwenda chooni, na huko, kwenye msumari, alikuta karatasi za mtihani wa kundi la asubuhi zimekatwa vipande vipande vya kujipangusia. Juu kabisa palikuwa na jibu zuri, lenye mwandiko wa mtu aliyejikaza. Alisimama akilitazama. Kisha akatoka bila kufanya alichokuja kufanya.

Tangazo la Zawanet lilikuja mwezi wa nane. Zawanet ni kampuni ya simu na pikipiki: unabonyeza, motari anakuja, unatuma kifurushi mpaka mtaa wa Bagira bila kutoka nyumbani. Walitaka watu wawili wa kutunza data. Shahada, uzoefu wa kompyuta, umri usiozidi miaka thelathini na mitano.

Eulalie alikuwa na thelathini na mitano. Tarehe ishirini na mbili ya mwezi uleule angetimiza thelathini na sita, na matangazo yote ya mji huu, ya Wazungu na ya wenyeji, yana mstari huohuo kama yamezaliwa na mama mmoja.

"Hii ni ya mwisho," alimwambia mume wake, Delphin, mwalimu wa shule ya msingi, wakiwa nyumbani kwao Kasha.

"Ya mwisho ya nini?"

"Ya kuitwa. Kisha hapo diplome yangu unaweza kufungia karanga."

"Karanga hapana," alisema Delphin. "Karatasi yake iko ngumu sana."

Alicheka, kwa sababu Delphin alitaka acheke. Lakini aliomba, na safari hii aliandika barua mpya, isiyofanana na ile ya siku zote.

Duru ya kwanza ilikuwa mtihani wa kwenye kompyuta, kila mtu mahali pake, na kamera ikimtazama. Aliufanya kijumbani, saa kumi na mbili asubuhi, kabla Nyawera haijaanza kelele. Mashine ikamwandikia: uso hauonekani. Akasogea dirishani. Uso hauonekani. Akafungua mlango wote. Uso hauonekani, mtihani utafungwa. Mwishowe alishika tochi ya simu chini ya kidevu kwa mkono wa kushoto, akajibu maswali sitini kwa mkono wa kulia, dakika arobaini na tano, mwanga ukimpiga machoni kama mtu anayehojiwa na askari. Kila mkono ulipolegea, mashine ilimwonya kwamba hayupo.

Duru ya pili ilikuwa mazungumzo ya video na kijana aliyekaa nchi ya mbali, mwenye masikio ya plastiki ya kusikilizia, aliyekuwa akila kitu wakati wote. Alimuuliza: kama ungekuwa mnyama, ungekuwa mnyama gani? Eulalie alijibu bila kusita: ng'ombe. Kwa Mushi, mtu wa kabila la Bashi kama yeye, hakuna sifa kubwa kuliko hiyo. Ng'ombe ndiye aliyemwoza mama yake, ndiye anayepatanisha familia zilizogombana, na mtu akikutajia jina la ng'ombe wake amekufungulia moyo. Kijana aliacha kutafuna. "Ng'ombe?" alisema. "Wengi wanasema simba." Akaandika kitu, akitabasamu peke yake.

Hata hivyo walimwita kwenye duru ya tatu. Ilikuwa tarehe kumi na nne, mtaani Muhumba, kwenye jumba jeupe linalotazama ziwa. Waliambiwa saa tatu asubuhi. Walikuwa wanane, na mpaka saa sita walikuwa bado wamekaa kwenye ubao mrefu uani, jua likiwafuata.

Eulalie aliwatambua watatu. Wawili aliwahi kuwaandikia barua. Wa tatu, Luc, kijana mwembamba kutoka Kasha kulekule kwake, alikuwa na barua aliyoandikiwa na Eulalie mkononi wakati huo, akiisoma kimoyomoyo ili asijikwae.

"Maman Eula," alimnong'oneza, "hapa iliandikwa mi niko 'mnyenyekevu'. Bakiniuliza mfano, nitatoa mfano gani?"

"Waambie umekaa juani masaa tatu na haujatukana mutu."

Ubao mzima ukacheka. Msichana mmoja, Gloire, aliyevaa viatu vya dada yake na kuviinua ili visiguse vumbi, akasema: "Mi ndani ya roho nimetukana. Ile bataihesabu?"

Saa sita na nusu waliingizwa wote pamoja. Chumba kilikuwa baridi kama mochwari, na meza ndefu ya mbao iling'aa. Upande mmoja glasi nane za juisi ya marakuja, lile tunda la pasheni, zimekwisha kumiminwa, kila moja na kikaratasi chenye jina. Upande wa pili walikaa watu wawili. Mmoja alikuwa Edouard, mkurugenzi, Mkongomani aliyezaliwa Ulaya na kukulia huko, asiyejua Kiswahili zaidi ya salamu. Mwingine alikuwa Ariane, mkuu wa wafanyakazi, binti aliyekulia mtaa wa Kadutu, hapa hapa mjini, mwenye kompyuta bapa mikononi. Mbele yao palikuwa na chupa mbili za maji. Edouard aliifungua ya kwake mbele ya watu wote, na kifuniko kikalia krak.

"Karibuni," alisema kwa Kifaransa. "Hapa sisi ni familia, tunafanya kazi kwa kuaminiana. Kabla ya maswali, tunywe pamoja."

Macho ya wote nane yakatoka kwenye juisi, yakaenda kwenye chupa ya Edouard.

Mji huu una hofu moja, na hata maprofesa wake wanayo. Inaitwa karuho, sumu ya polepole, isiyo na ladha, inayomla mtu kwa miezi. Wengine wanasema haipo; hao nao hawaachi glasi yao mezani wakienda kujisaidia. Kwa hiyo chupa hufunguliwa mbele ya macho ya mgeni. Na kama kinywaji kimekwisha kumiminwa, anayekupa huonja kwanza. Kijijini Mudaka, kwa nyanya yake Eulalie, mwenye kasiksi, pombe ya ndizi, huvuta mrija yeye kwanza, kisha anampa mgeni, na hakuna anayeona haya. Ni adabu, sawa na kumpangusia mgeni kiti.

Kaka yake Eulalie, Floribert, alikufa tumbo limevimba, miezi saba baada ya sherehe moja ya ndoa huko Kabare. Hospitali ilisema ini. Familia ilisema glasi. Eulalie hajui. Amesoma, anajua ini ni nini na linaharibikaje. Lakini elimu yake iko kichwani, na glasi inashikwa kwa mkono.

Luc alikunywa. Alikunywa yote, kwa mikupuo mitatu, macho yamefungwa, kama mtoto anayenyweshwa kinini. Gloire alilowesha midomo, kisha akaipangusa kwa leso kwa muda mrefu. Mwanaume mmoja mwenye tai nyekundu alisema hawezi, anafunga.

"Unafunga?" Ariane aliuliza. "Kwaresima mu mwezi wa nane?"

"Yangu ni ya pekee, maman."

Kila mmoja alipofanya alichofanya, kidole cha Ariane kilishuka kwenye kompyuta yake. Hakikuwahi kuandika neno. Kiligusa tu, kulia au kushoto. Eulalie amefanya kazi na orodha maisha yake yote. Alitazama kidole kile mara tatu, mara nne, akaelewa. Haikuwa karamu. Mahojiano yalikuwa yameshaanza, na swali lilikuwa lile lililo kwenye glasi, na aliyelitunga alikuwa mtu anayejua vizuri jinsi linavyouma.

"Maman Ariane," alisema. "Unisamehe. Onja kwanza, kisha mi nakunywa."

Ariane alicheka kwa pua. "Eulalie, hapa hatuko ku Mudaka. Tuko mu kampuni."

"Minajua. Onja kidogo tu."

"Ni juisi ya kawaida, ma chérie."

"Sasa ikiwa ya kawaida, inakukatalia nini?"

Mtu mmoja alicheka nyuma, kisha akakimeza kicheko. Edouard akainama mbele. "Anasema nini?"

"Anaona haya," Ariane alimjibu kwa Kifaransa.

"Hapana, bwana, sioni haya," alisema Eulalie, kwa Kifaransa kilekile cha barua zake, na akamweleza desturi yote: mrija wa nyanya yake, chupa inayofunguliwa mbele ya mgeni, mwenyeji anayeonja. Hakuitaja sumu, wala Floribert. Edouard alisikiliza mdomo wazi, uso ukizidi kufurahi, kama mtalii aliyeonyeshwa ndege.

"Lakini hiyo ni nzuri sana!" alisema. "Ariane, onja basi, tuendelee."

Ariane aliitazama glasi. Juisi ilikuwa imemiminwa jikoni na mfanyakazi wa usafi, nyuma ya mgongo wake.

"Nina vidonda vya tumbo," alimwambia kwa Kifaransa. "Marakuja inanichoma."

"Tone moja tu."

"Edouard, non."

Alisema neno hilo haraka mno, na mkono wake ulirudi nyuma, mbali na glasi, kwa namna ambayo watu wote nane waliijua, kwa sababu ndivyo mikono yao wenyewe ilivyokuwa imetaka kufanya. Gloire alitazama chini. Luc, ambaye glasi yake ilikuwa tupu, alianza kumeza mate.

Edouard hakuona, au alikuwa na haraka ya chakula cha mchana. Alichukua karatasi, akaisoma, akaiweka mezani.

"Bibi Bulonza, kwenye mtihani ulipata tisini na nne. Anayekufuata ana sabini na moja. Mimi nakutaka. Sitakupoteza kwa ajili ya juisi." Alitoa mkataba kutoka kwenye jalada, akausukuma mpaka ukagusa kitako cha glasi, akaweka biki juu yake. "Kunywa, weka sahihi, tumalize."

"Kunywa, maman!" Gloire alimnong'oneza. "Tuko saba hapa, tutakubeba."

Eulalie aliuona mkataba. Aliona jina lake limeshaandikwa kwa mashine, na chini yake maneno ambayo kwa miaka kumi na miwili alikuwa akiyaombea watu wengine. Zilibaki siku nane. Aliinua glasi. Marakuja ilinukia vizuri, harufu ya jikoni kwa mama yake. Aliinua mpaka ukingo ukagusa mdomo, na katika kuinua huko macho yake yakapita juu ya glasi yakamwona Ariane.

Ariane hakuwa akimtazama usoni. Alikuwa akimtazama koo. Kidole kimesimama hewani, na macho yamekaa pale shingoni, yakingoja kuona kinywaji kikishuka, kama watu wanaotazama kuku anapochinjwa ili wajue ameisha.

Eulalie akaisimamisha glasi palepale mdomoni. Haikuwa hofu, maana hofu anaijua. Ilikuwa kinyaa, kilekile cha karatasi kwenye msumari wa choo, lakini safari hii kilichokatwa vipande kilikuwa kitu alichopewa na nyanya yake, na aliyeshika mkasi alikuwa mtoto wa hapa hapa. Aliishusha glasi, polepole, ili isimwagike juu ya mkataba.

"Mi sikunywe," alisema. Kisha akamgeukia mkurugenzi, kwa Kifaransa: "Kazi hii, bwana, naitaka kuliko mtu yeyote humu ndani. Nataka ujue hivyo. Lakini sitainywa."

Alichukua mkoba wake. Alikuwa amefika karibu na lango Ariane alipomfikia, viatu vyake virefu vikizama kwenye kokoto.

"Umenihaibisha mbele ya bosi."

"Weye ulijua," alisema Eulalie. "Yeye hajui kitu, ni mugeni. Weye ulijua."

"Sasa ningefanya je? Nilipata barua mia tatu na kumi. Zote sawasawa! Heshima kubwa, mamlaka ya juu, heshima kubwa, mamlaka ya juu. Ukisoma kumi, kichwa inapasuka. Hata wanane wa mwisho, nitachagua na nini? Ile glasi, kwa dakika mbili, inanibakishia wawili."

Eulalie alitaka kucheka juu ya zile barua, lakini hakikuja kicheko. "Na kama ungekuwa umekaa upande ile ingine ya meza?"

"Mi siko upande ile," alisema Ariane, akageuka.

Waliochukuliwa ni Luc na mtu mwingine aliyekunywa. Siku hiyohiyo, baada ya kuweka sahihi, Luc hakufika nyumbani kwao moja kwa moja. Alishukia Nyawera, akanunua maziwa ya unga na chupa ndogo ya mafuta ya mawese, akavikoroga pamoja kama wanavyofanya watu wanaoamini wamelishwa kitu, akanywa vyote amesimama. Alikwenda kutapikia kwenye mfereji nyuma ya kijumba cha Eulalie, kwa sababu ndipo mahali pekee pale Nyawera alipokuwa na mtu anayemjua. Eulalie alimshika paji la uso. Wauza viatu walisogea kutazama. Kijana alitapika mpaka akabaki anatoa sauti tu, na machozi, na uzi mrefu wa rangi ya machungwa. Kampuni ilisema imepima kuaminiana. Ilipima njaa, na Luc alikuwa na njaa ya kutosha kunywa kitu alichoamini kinaweza kumuua.

Alipomaliza alijipangusa kwa mkono wa shati, akafungua mkoba, akatoa karatasi iliyokunjwa kwa uangalifu.

"Maman Eula," alisema, bado akihema, "contrat hii hapa. Banataka nakala mbili."

Eulalie alinawa mikono kwanza. Kisha aliinua kifuniko cha mashine, akaulaza mkataba chini kwenye kioo, na mwanga wa kijani ukapita juu yake mara mbili. Hakumtoza.

Tarehe ishirini na mbili Delphin alichinja kuku. Mji ulikuwa umeshajua, kama unavyojua kila kitu, na kwa siku zile nane watu walikuwa wamepita kijumbani kumwambia Eulalie maoni yao. Nusu walimwita shujaa. Nusu walimwita mjinga, na hao ndio waliomwonea huruma kweli. Wote, wa huku na wa huku, walimalizia kwa kuomba barua.

Walipokuwa wanakula Delphin alimuuliza swali ambalo alikuwa amelizunguka wiki nzima.

"Unajuta?"

"Ndiyo."

Delphin hakutegemea jibu fupi hivyo. "Sana?"

"Kila asubuhi nikifungua ule mulango. Tisini na nne, Delphin. Nilipata tisini na nne nikishika tochi na mukono moja."

"Basi ungekunywa tu. Ungetapika inje sawa Luc, tungekuwa na kazi."

Eulalie alilitafuta bawa kwenye sahani, akalipata, akaliweka kwenye sahani ya mume wake.

"Juisi ningeitapika," alisema. "Lakini vile alikuwa ananitazama hapa ku koo, ile ningeenda kuitapikia wapi?"

Delphin alilishika bawa bila kulila. Nje majirani walikuwa wakiitana kwenda kuteka maji, bomba limefunguka, na Eulalie akainuka kutafuta vidumu kabla maji hayajakatika.